Plake ya Mama Sephora

"Jua iko bure toka zamani, Mama Sephora. We peke yako njo unailipia."

"Papa Jeannot, toka siku tatu courant ya umeme haiko mu mutaa yote ya Hewa Bora. Ku kwenu munamulika na nini?"

"Na buji, mishumaa tu. Buji haiombe batri."

"Na ile buji inagandisha samaki?"

Sisi majirani bote tuliosimama pa kilango yake tulicheka, lakini Albertine, Mama Sephora mwenyewe, hakucheka. Mu frigo yake mulikuwa ndoo nzima ya samaki, dada yake alimutumia toka Kasomeno kwa ajili ya kesho: komunyo ya kwanza ya Sephora, bageni makumi tatu. Mwezi muzima plake yake ya jua ilikuwa inafanya kazi muzuri. Wiki hii, batri inakufa mbele ya jua kushuka, na barafu ilikuwa imeanza kuwa maji.

Jirani yake Stanislas, ule Papa Jeannot, alizeeka ku reli akiwa fundi wa umeme. Kwake, kitu isiyo na nguzo na waya si umeme.

"Plake yako iko ya uwongo," akasema. "Minapanda, nikuonyeshe mbele ya bantu."

Akaleta ngazi yake, akapanda ku paa, tumbo mbele. Kufika juu, akainama kuangalia.

"Unaona nini?" Albertine akauliza.

"Muhogo."

Plake yote ilikuwa imefunikwa na muhogo, vipande vyeupe, vimepangwa kama matofali. Upande wa pili wa ukuta, Musonda, muke wa Stanislas, akainua kichwa.

"Iko yangu, minaipanga toka juu ya ukuta. Tôle ya paa yetu iko na kutu, inachafua muhogo. Ile kioo iko safi, tena iko na moto. Kwetu Lukafu tunaanika pa jiwe. Nilizani iko sawasawa tu."

Albertine akamuangalia Stanislas kule juu. "Papa Jeannot, bukari ya wiki hii ilikuwa ginsi gani?"

Masikini, toka Jumatatu alikuwa anatutangazia kila mangaribi kwamba bukari ya bibi yake, ugali ya ile muhogo, iko nyeupe kupita ya avenue yote.

"Kumbe courant yangu ulikuwa unaikula na mboga," Albertine akasema.

Tulicheka mpaka Kalaba wa kioski akafunga biashara, akuye kusikia. Stanislas akashusha muhogo, akaomba maji na kitambaa, akafuta hata vumbi nyekundu ya makamyo.

"Hii inaomba kufutwa kila Jumamosi," akasema. "Nitapanda mimi."

Kisha masaa mbili ya jua, frigo ilikuwa inanguruma. Albertine akabonyeza samaki na kidole: ingali ngumu. Akatoa tatu za kuonja.

Stanislas alikuwa amepanda tena pa ngazi, anaangalia plake, anakwaruza kichwa. "Mama Sephora, plake kama hii, banauzisha ngapi?"

"Bei tutaisema kisha. Musonda, leta unga yako ile nyeupe. Na we, Papa Jeannot, shuka, nawa mikono, ingia tukule."