Unyayo Chini ya Balbu

Balbu mpya ilikuwa na mwanga wa manjano, na baba mtoto alijigamba nayo kweli, eti nyeupe ingemuumiza mwanawe macho. Sasa yeye yuko kazini, mvua imelifanya dirisha kiza, na mkewe amempakata mtoto wa siku nne asiyetaka ziwa tangu asubuhi.

"Mama, mbona amekuwa wa manjano?"

"Ni taa hiyo," mama mkwe akamjibu. "Hata mimi hapa nimekuwa papai bivu. Acha kujitia presha."

Mama mtoto akazima balbu, akawasha tochi ya simu. Mwanga wake ulikuwa mweupe wa kukaribia buluu, na mtoto akaonekana kama kapakwa majivu. Taa moja inasema mgonjwa, nyingine inasema maiti! Amwamini nani?

"Kama ni taa," akafoka huku machozi yanamlengalenga, "basi itupake sote sawasawa!"

Akaiwasha tena ile balbu. Akauweka unyayo wa mtoto juu ya kiganja chake, akaubonyeza kidogo kwa kidole. Kiganja kilikuwa kiganja tu. Unyayo ulikuwa bizari.

Mama mkwe akasogea, akaweka na kiganja chake kando. Akatazama. Kisha akavuta shuka kitandani.

"Mfunike. Hospitali, sasa hivi."

"Ngoja nivae viatu, mama."

"Viatu vya nini!"

Mama mkwe alikuwa keshatoka nje kwenye mvua, peku, anapunga mikono kusimamisha gari lolote.