Uso wa Wanjeri Majini

Najilaza kwenye nyasi za ukingo wa mto Thiba saa sita mchana, kofia usoni, na kabla sijavuta pumzi ya tatu nyasi zinageuka barabara, barabara inageuka maji, nami natembea juu yake bila kuzama. Sishangai. Nimekuja na jambo moja tu, kumtafuta mke wangu Wanjeri, aliyefariki miaka minne iliyopita, maana sura yake imenitoka kichwani. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Vidole vyake navikumbuka, vikifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana ninazovulia samaki aina ya trauti, lakini uso sina, na nimeapa sirudi bila huo uso. Napita mji ambao kila nyumba imesimama juu ya pacha wake aliyepinduliwa majini, nakata kona, naukuta tena mbele yangu. Naupita mara ya pili, naupita mara ya tatu. Mimi king'ang'anizi.

Mwenyeji asiye na uso ananipa ufito wa kuvulia. Mshipi wake una ndoana mbili: juu nzi bandia wa manyoya anayeelea, na chini yake, urefu wa mkono, kibuu cha uzi chenye shanga ya shaba, kinachozama. Mke wangu yuko wapi, mzee? namwuliza. Yuko chini, ananijibu, ila habari zake atakupa wa juu. Nijibu vizuri bwana, sikuja kucheza. Anacheka, ingawa mdomo hana. Narusha. Trauti anapanda kumchungulia nzi, nami kwa pupa navuta, kosa la mvuvi aliyeanza jana, maji yanapasuka na mji mzima unahamia ng'ambo. Najitukana, narusha tena. Safari hii nzi anaelea, anaelea, kisha anasita kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina. Wa juu amenipa habari; nainua ufito. Uzito! Kibuu kimemezwa kule chini. Napambana naye, namleta trauti kwenye maji ya kina kifupi, na ubavuni mwake, kati ya madoa, ndiyo ile sura ya Wanjeri, pengo la meno na kovu juu ya nyusi. Nampenda. Nanyoosha mikono nimtoe nje nimwone vizuri.

Baba Muchiri, ile sura inaniambia, umelowesha mikono kwanza? Si wewe ulinifundisha mkono mkavu unambabua samaki? Nikikuachilia nitakusahau tena, namjibu. Basi utanisahau, anasema, uje unitafute tena, kwani una kazi gani nyingine? Nalia huku nacheka. Nalowesha mikono, nachomoa ndoana, namshika akiwa ameukabili mkondo mpaka apate nguvu, naye ananiponyoka.

Naamka. Jua limeinama, na mwanamke amesimama kati yangu na jua, mweusi tii, uso hauonekani. Baba Muchiri, chakula kinapoa, anasema, na sauti ni ya Wanjeri. Sijui nimeamkia upande gani, wa ndoto au wa kweli. Simwulizi. Nainuka, namzunguka polepole hadi jua liwe mgongoni mwangu, kisha nainua macho niutazame uso wake.