Gari Lisilopata Moto

Hasira za Bi Mwanawema zilimtangulia njiani, na alipofika kwenye diko la Tumbe, pale samaki wanaposhushwa, zilikuwa zishakaa juu ya boneti ya gari lake zinamngoja.

Gari lile la kubebea samaki aliachiwa na marehemu mumewe, na ndilo lililomlisha yeye na wajukuu. Sasa lilikuwa na maradhi. Likiwashwa asubuhi halipati moto. Linakohoa, linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli bila ya haya, na kwenye kilima cha kwanza cha njia ya Chake linazimika. Jana matenga ya vibua yaliozea njiani, na wachuuzi walimwambia Bi Mwanawema maneno ya kumtoa mtu machozi.

"Nyange! Shuka kwenye gari langu!"

Nyange, dereva wa gari lile tangu enzi za marehemu, akashuka. Wachuuzi wakaacha kupakia.

"Nimekosa nini, Bi Mwanawema?"

"Umelitia sukari tangi la petroli! Kwa ajili ya chama chenu! Kila mtu anajua!"

Zilikuwa ndizo siku zile za siasa, jamani, mtu wa chama hiki hapandi gari la mtu wa chama kile, wala hamziki. Na habari ya sukari aliileta Khatib, mdogo wake Bi Mwanawema, ambaye sasa alisimama nyuma ya dada yake kwa kanzu nyeupe pepe, akitikisa kichwa kama kadhi.

"Kila mtu ndiye nani?" Sauti ya Nyange ilipanda. "Siondoki na jina hilo mie. Njoo kuno utie mkono."

"Nitie mkono kwenye uchafu wako?"

"Tia, bibi! Umenitukana mbele za watu, basi na utazame mbele za watu!"

Akazungusha hendeli. Gari likawaka likitetemeka kama lina homa. Akamwonyesha mpira wa juu, utokao kwenye injini kwenda kwenye rejeta, pale maji yanapopozwa. Bi Mwanawema akauwekea kiganja kwa kisirani. Haukukawia kuwa vuguvugu, kisha ukabaki hivyo hivyo, mpaka wachuuzi wakaanza kunung'unika.

"Vuguvugu," alisema. "Na haupandi."

"Injini ingekuwa nzima, mpira ungekaa baridi kwanza, halafu moto ungekuja kwa ghafla. Kitendawili!"

"Nyange, usinifanyie mzaha!"

"Kitendawili!"

"Tega," aliitikia mchuuzi mmoja, Kificho, mdomo ukimwasha.

"Mlango wangu hauna bawabu. Kwa baridi hujifunga, kwa moto hujifungua."

"Chaza! Ukimchemsha hufunguka!"

"Umekaribia. Ndani ya injini muna chaza wa chuma, themostati. Maji yakiwa baridi hufumba, yasende kwenye rejeta, injini ipate moto upesi. Hapa maji yanakwenda kupozwa hata hayajapata moto. Chaza amekwama wazi, au hayupo."

Akazima, akashika spana, akafungua mfuniko wa huyo chaza. Ndani mtupu. Na gasketi, ile karatasi ya kuzibia mfuniko usivuje, ilikuwa mpya, imekatwa kwa boksi la majani ya chai.

Boksi lile Bi Mwanawema alilijua, la jikoni kwake. Nyange alipokwenda Pujini kumzika mama yake, gari lililala uani kwa Bi Mwanawema, na Khatib ndiye aliyeliendesha.

"Khatib."

"Lilichemka, dada. Nikaona kile kidude ni cha baridi ya Ulaya. Pemba baridi iko wapi? Nikakitupa."

"Rejeta uliitia maji kabla ya kuondoka?" aliuliza Nyange.

Khatib akaitazama bahari.

"Na sukari?" aliuliza dada yake. "Sukari uliiona wapi?"

Bi Mwanawema akawageukia wachuuzi, na kwa sauti ileile aliyomtukania Nyange akasema, "Sikilizeni! Nimemsingizia mtu. Hana kosa. Mwenye kuirudia habari ya sukari aje anirudie mie!" Kisha kwa Nyange, akiwa bado amefura: "Niwie radhi, mwanangu."

Nyange hakucheka. Akaurudisha mfuniko, akakunja jamvi kuukuu, akaiziba nalo rejeta nusu, upepo usiipoze.

"Leo nitaendesha, kwa kuwa samaki hawana ugomvi na mtu. Ya kesho tutayasema themostati ikipatikana. Na huyu twende naye Chake akaitafute."

"Mbele nafasi ipo," alisema Khatib upesi, akishika mlango.

"Nyuma," alisema Nyange. "Juu ya matenga."

"Dada, kanzu yangu!"

"Panda!" walimkemea wote wawili kwa pamoja.