Sahihi Aliyoikataa Msumari

Seremala aliyeitwa Msumari aligombana na posta kuliko alivyogombana na mtu yeyote. Bawaba alizoagiza kutoka nje zilikaa posta wiki tisa, na kila alipokwenda kula kwa dada yake mkubwa, karani wa dirisha la vifurushi hapo posta, maneno yalikuwa yale yale, Msumari akianza:

"Serikali iwaachie na wengine wabebe mizigo. Asiyekimbizwa hajui mbio."

"Na kule mabondeni kwenye barua tatu kwa mwezi, hao wengine watakwenda?"

"Wakilipwa watakwenda."

"Haya, kula, mdogo wangu."

Mwaka huo viti vya kiwandani vikaanza kuingia kwa makontena. Kimoja kiliuzwa kwa nusu ya bei ya kiti cha Msumari. Maseremala wakakutana karakanani kwake. Mwenyekiti wao alikuja na barua tayari: viti vya nje vitozwe ushuru mara tatu. Akamkabidhi Msumari kalamu awe wa kwanza kutia sahihi, kwani ndiye aliyekuwa na jina.

Msumari akaomba siku mbili. Alipomweleza dada yake, akitarajia kupewa pole, dada alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mkuki kwa nguruwe ndio mtamu! Posta ikimbizwe, seremala abembelezwe?"

Kesho yake Msumari alinunua kimoja cha vile viti, akakifungua kipande kwa kipande pamoja na Vanishi, mzee aliyempigia msasa na rangi kwa miaka kumi na minne. Mbao zilikuwa unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi, lakini vipimo havikukosea hata unywele. Walipokuwa wakikikagua, akapita mwalimu mmoja aliyefundisha watoto wadogo nyumbani kwake. Kwa miaka mitatu alikuwa akiuliza bei ya viti vya Msumari na kwenda zake.

"Vya hivi mnavyo? Nataka sita," alisema, uso umemchangamka.

Siku ya pili Msumari akairudisha kalamu.

"Sitii sahihi. Mnunuzi nikimfungia milango mingine yote ili abaki na wangu, huyo si mteja tena, ni mfungwa."

"Watoto wako watakula hayo maneno?" mwenyekiti akamuuliza. Wengine wakamwita msaliti, wakaondoka bila kuaga.

Msumari aliacha viti, akashika milango na madirisha. Nyumba za mtaani zilijengwa kwa macho, kila ukuta na upogo wake, na hakuna kontena lililoleta dirisha la ukuta uliopinda. Kazi ikapatikana, ila haikutosha watu wawili. Ilibidi amwambie Vanishi.

"Si mimi, mzee wangu. Ni soko."

Vanishi alikunja aproni yake taratibu. "Soko sijawahi kuliona usoni. Wewe nakuona."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Msumari akamsindikiza mpaka barabarani.

Barua ya maseremala haikujibiwa. Kazi ya posta nayo ikafunguliwa kwa wengine: kampuni mbili zikaanza kubeba vifurushi vya mjini. Dirisha la dada likalazimika kuchangamka, mzigo wa wiki tisa ukawa unafika kwa siku sita. Lakini wenzake wawili walistaafishwa mapema, na mabondeni hakuna kampuni iliyokwenda. Huko ilibaki posta, tena mara moja tu kwa mwezi. Msumari aliposikia hilo hakubisha. Aliuliza tu ni nani anayepeleka barua huko.

Baada ya miezi michache alikwenda kupima mlango wa duka lililouza vile viti vya kontena. Nyuma ya duka, kati ya maboksi, akamkuta Vanishi akiziba mikwaruzo ya viti vilivyoumia safarini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Vanishi akaitikia, wala hakuinua macho.

Msumari akatoa futi yake, akaanza kupima mlango.