Misprusi ya Buluu

…puliza rangi tu, Mama Bohdana, ni mti huo, si mtu, alisema Radim bwana misitu, naye Bohdana akabaki na kopo mkononi, kidole juu ya kitufe, mbele yake msprusi wa buluu, mti jamii ya msonobari, uliokauka kileleni, mmoja katika mamia aliyopanda akiwa na miaka kumi na tisa, na kila utakaotiwa alama leo kesho mashine inaukata, mlima mzima… miaka ile moshi wa mitambo ya makaa ya mawe ulipanda kutoka bondeni ukiwasha koo, mvua ikashuka na tindikali, misitu ya mababu ikabaki vigogo vitupu kote kwenye milima ya Krušné, wanawake wa kikosi cha kupanda miti wanachimba huku wanakohoa, na wakubwa wanawaambia pandeni huu wa buluu, umetoka Marekani, hauogopi moshi… hauogopi! moshi wenyewe ukaja ukapungua, kuvu ikaingia ikala machipukizi, yakafuata majira ya joto bila tone la mvua, vidudu vikajaa chini ya magome, na wale wakubwa wako wapi, wanakula pensheni, washenzi wakubwa… “Unalia, mama?” “Nalia nini! Nina hasira, hujui tofauti?” “Basi puliza, dereva anasubiri, na wewe umebakiza miezi minne ustaafu, usiniletee matata”… baba yake Bohdana, mzee Otakar, alimwambia miaka ile uacheni mlima ujipandie wenyewe, ile miti ya matunda mekundu mbona haikufa, naye binti akamcheka mbele ya wenzake, umelewa, baba, akapewa cheti cha mpandaji bora, akakitundika jikoni, jina lake, si la wakubwa, lake… “Mtapanda nini baadaye?” “Msprusi wa kawaida. Miche imeshaagizwa, tunanyoosha mistari kama zamani”… kama zamani, Mungu wangu, hawa watu hawakomi, na pale chini, katikati ya mistari yake iliyonyooka, miche ya matunda mekundu imemfika magotini, mingi, imepandwa na mavi ya ndege, hakuna aliyeipa cheti, na magurudumu ya mashine yatapita juu yake… nisamehe, baba, nilikucheka… “Mama Bohdana! Unanisikia?” anamsikia, sana, kopo bado liko mkononi na kidole bado kiko juu ya kitufe, lakini hapulizi, hata mti mmoja hapulizi, na huyu Radim akitaka kumfukuza kazi leo, amfukuze.