Pampu Mbovu ya Dirie

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kubabaishwa na pampu. Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area kwa miaka thelathini na mmoja, na pampu nilizofungua zikipangwa mstari zitatoka hapa Mbotela zifike Jogoo Road. Kwa hiyo maji ya bwawa langu yalipoanza kupungua, sikuhitaji ushauri wa mtu. Nililitangaza hilo kwa mdomo wangu, na majirani walisikia.

Bwawa lenyewe ni shimo nililochimba nyuma ya nyumba nilipostaafu, upana wake kitanda cha watu wawili, nikalitandika plastiki nene. Ndani mna tilapia thelathini na wawili. Pampu inakaa chini kabisa, inanyonya maji, inayapandisha kwa mpira hadi juu ya mawe, nayo yanaanguka tena bwawani kwa kishindo. Yakianguka hivyo, samaki wanapata hewa. Yasipoanguka, wanakufa. Mtaani wananicheka, eti Mukhwana anafuga samaki mahali watu wanapopanga foleni ya maji. Wacheke tu. Asubuhi nikiketi pale na chai yangu, nikisikia ule mlio, nasahau kabisa kwamba nimestaafu.

Mke wangu Triza hasahau. Yeye anapataka pale apande sukuma wiki.

Jumatatu maji yalianguka kivivu. Kufikia Jumatano yalikuwa yanatoka kama ya mzee anayekojoa, na mimi ni mzee, najua ninachosema.

"Baba Lorine," Triza akaniambia, "samaki wako wametoa midomo nje. Wanaomba msaada."

"Natengeneza."

"Tengeneza mpaka Jumamosi. Mimi sikai na samaki wa kunuka. Jumamosi nafukia."

Nilidhani ni maneno tu. Ijumaa mkokoteni ukamwaga udongo kwenye mlango wetu wa nyuma.

Niseme pia kwamba nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Soksi yangu moja ya kanisani, ya kijivu, ilikuwa imepotea, na nilikuwa nimemwambia Triza ameipoteza yeye akifua. Alinyamaza tu, na Triza akinyamaza ujue ameliweka jambo akiba.

Basi nikaanza kazi. Nikapima stima kwa testa: ipo. Nikaukagua mpira wote kama umekunjika mahali: haujakunjika. Nikaukata ukawa mfupi, maji yasisafiri mbali. Wapi! Nikapunguza mawe mawili ili maji yasipande juu sana. Wapi! Alhamisi nikafunga kichwa chenye tundu dogo mwishoni mwa mpira, kwa sababu tundu likibanwa maji huruka. Yaliruka, lakini kwa kadiri ya kidole gumba.

Kitu pekee ambacho sikukigusa ni pampu. Iko chini ya maji ya kijani, nimeibana kwa jiwe, na goti langu halipatani na baridi. Lakini sikusema ni goti. Nilisema pampu ni feki.

Aliyeniuzia ni Dirie, mwenye duka Eastleigh. Tunajuana miaka kumi na minane, tangu alipokuwa akituletea vipuri kiwandani. Nikampigia simu.

"Dirie, umeniuzia takataka!"

"Wa aleikum salaam, mzee," akasema. "Umeangalia kule chini, pale inanyonyea?"

"Wewe unifundishe mimi kazi? Nilikuwa nafungua pampu ukiwa bado unavaa kaptura!"

Nikaongeza mengine ambayo sitayaandika. Baadaye nilikuja kujua kwamba simu ilikuwa juu ya kaunta, sauti wazi, na duka limejaa wateja.

Dirie alingoja nimalize. "Jumamosi nakuja mwenyewe, mzee. Pampu ikiwa feki, nakupa mpya na naomba msamaha mbele ya mama. Kama si feki, wewe utasema umekosea. Mbele ya mama."

Nilikubali upesi mno. Nimekaa na Triza miaka thelathini na minne na neno hilo sijawahi kulitamka. Sikuona litatokea wapi.

Jumamosi Dirie alifika saa nne. Alimkuta Triza kwenye mfereji anafua. Maji ya mtaa wetu huja na kutu na mchanga, kwa hiyo kila nyumba huvisha mdomo wa mfereji wake soksi kuukuu ya kuyachuja, na kila Jumamosi mtu huivua, huifua, huirudisha. Triza alikuwa anaikamua soksi ya mfereji, sepetu ameiegemeza ukutani tayari.

Samaki wote walikuwa juu, wanahema. Yule mkubwa ninayemwita Meneja alikuwa amelala ubavu. Moyo uliniuma, siwezi kuficha.

Nilichomoa waya. Dirie akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Akasukuma jiwe, akainua pampu. Mdomo wa pampu ulikuwa umevaa kitu kinene, cha kijani, kinachotiririka matope. Dirie akakivua, akakisuuza kwenye beseni la Triza. Kikaanza kuwa cha kijivu.

"Huu uzi mwekundu wa kisigino," Triza akasema polepole, "niliushona mimi wiki ya Pasaka."

Hapo nikakumbuka. Siku ya kuitumbukiza pampu niliwaza: mfereji huvaa soksi, pampu nayo ivae, isimeze uchafu. Nikaivisha soksi ya kwanza iliyonijia mkononi, nikafunga na mpira wa nywele. Ila kuifua hakukuniingia akilini hata siku moja. Kufua soksi ya mfereji ni kazi ya Triza ya kila Jumamosi, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiiona safi nikidhani ndivyo ilivyo.

"Washa, mzee," Dirie akasema baada ya kuirudisha pampu na kutoka majini.

Nikachomeka. Nilikuwa nimesahau kile kichwa cha tundu dogo. Maji yakaruka juu ya mawe, yakapita kamba ya nguo, yakalowesha shuka mbili safi, kisha mpira ukajigeuza ukanipiga kifuani. Dirie alicheka mpaka akaketi kwenye udongo wa Triza. Nikapapasa nikakitoa kile kichwa, na maji yakaanguka juu ya mawe kwa kile kishindo changu.

Tukangoja. Meneja akatikisa mkia, akajiweka sawa, akazama. Nilitokwa na machozi, ila nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua.

Kisha nikaona wote wawili wananitazama. Triza alikuwa ameshika sepetu.

"Nimekosea," nikasema, nikiangalia mawe.

"Mimi nimesikia, mama," Dirie akasema.

Triza akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Mimi bado," akasema. "Leo maji yana kelele sana, Baba Lorine. Sema tena."