Benzi Lililokwenda kwa Cherehani

Hii ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu yote mawili, pamoja na la kushoto lenye mtoto wa jicho, kwamba humu hakuna neno nililolitia chumvi. Anayetaka chumvi akaombe kwa jirani.

Siku Benzi lilipoingia mtaani kwetu, fundi cherehani alikuwa anapiga pindo la sketi ya sare ya shule. Chumba chake cha kushonea kinatazama barabara: mlango wa bluu, meza ya kukatia vitambaa, pasi ya mkaa aliyoirithi kwa mama yake, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Aliusikia mngurumo kabla hajaliona gari. Hakuinua kichwa, maana pindo likienda upande ni la kufumua. Ila miguu yake iliongeza kasi yenyewe, na kule nje mngurumo nao ukaongeza kasi.

Mtaa mzima ukatoka. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya nywele, na mteja naye akatoka na nusu hiyo hiyo. Lilikuwa Benzi la zamani, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, viti vya ngozi nyekundu, taa za mviringo, na ile nyota imesimama juu ya boneti kama kidole cha mtu anayetaka kusema neno. Lakini kilichowachanganya watu ni mlango. Mlango wa Benzi haugongi. Unasema "dup", kama mtu mnene anayekaa kwenye godoro jipya. Watu wakapanga foleni kuufunga. Mama muuza mchicha aliufunga, akasikiliza, akarudi nyuma ya foleni. Kinyozi alisema miaka yote hii alidhani anafunga milango, kumbe alikuwa anaisukuma tu.

Gari hilo lilikuwa ndoto ya fundi, na hakuna asiyejua. Katika kila sare, kila shuka, kila suruali ya mtu mwenye tumbo lisilotulia, alikuwa anaweka akiba ya Benzi, si ya gari jingine. Leseni alikwisha kuipata. Alitaka jambo moja: aende kwa dada yake, mji wa mbali, ameshika usukani mwenyewe, na dada atoke mlangoni amwone. Siku ya kulichukua ikaangukia siku ambayo bibi harusi mmoja alikuwa amesimama katikati ya chumba, kazungukwa na pini mwili mzima, hawezi kukaa wala kwenda. Fundi hakuweza kumwacha. Akamtuma mumewe yadi ya magari, yeye akamaliza pini ndipo akashika sketi.

Mumewe mtaani tunamwita Mkurugenzi, ingawa hajawahi kuongoza kitu kikubwa kuliko mazungumzo.

"Kadi ya gari iko wapi?" fundi alimuuliza, sindano mdomoni.

"Hii hapa."

Akaisoma. "Hili ni jina lako."

"Waliniuliza jina la mwenye gari, mke wangu. Nikaona nisiwacheleweshe watu. La kwangu ndilo lilikuwa karibu."

"Na la kwangu?"

"Wewe ulikuwa huku."

"Utabadilisha lini?"

"Kesho. Kwani haraka ya nini? Gari si letu?"

"Ni letu. Jina ni lako."

"Sasa kadi moja utaijaza majina mangapi?" Mkurugenzi akasema, akatoka nje kwenda kuonekana.

Akaingia garini, akafunga mlango, dup, akapunga mkono, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Nyota ya boneti ikageuka polepole, ikautazama mlango wa bluu. Watu wakaona, wakapisha, maana walikuwa wamesimama katikati ya nyota na mlango.

Akaitwa makanika. Huyu tunamwita Spana, na amejifunza Kijerumani chake chote kwenye vifuniko vya injini. Alifungua boneti akaingiza kichwa, akakaa humo muda wa mtu anayesoma gazeti.

"Betri nzima, plagi safi, mafuta yapo," alisema. "Halina ugonjwa. Linasubiri."

"Linasubiri nini?" akauliza Mkurugenzi.

Kule ndani fundi alikuwa amerudi kwenye sketi yake. Akakanyaga, na injini ikawaka. Akafika mwisho wa pindo akasimama akate uzi, injini ikazima. Akaanza pindo la pili, injini ikaitikia. Spana akasikiliza cherehani kwa sikio moja na injini kwa sikio la pili, akafuta mikono.

"Aa, kumbe ni hilo tu," alisema. "Gari linamjua aliyelilipia. Haya ya Kijerumani yana kumbukumbu."

Akamfuata fundi mlangoni akamweleza historia yake, watu wote wakisikiliza, maana Spana akisimulia habari za magari hata jua husogea lipate nafasi. Akasema huko mwanzo kabisa mvumbuzi wa Benzi alikuwa na gari lake la magurudumu matatu, limekaa karakanani, watu wanalicheka. Mkewe ndiye aliyekuwa ametoa fedha za kwao kuinusuru karakana, hata kabla ya kuolewa. Asubuhi moja mume kalala, mama wa watu akawachukua wanawe wawili, akaliwasha gari, akaenda kwa mama yake, mji wa mbali, safari ambayo gari halijawahi kuifanya tangu dunia iumbwe. Mafuta yakapungua akayanunua kwenye duka la dawa. Mrija ukaziba akauzibua kwa pini ya kofia. Breki zikalika, akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi.

"Kwa pini?" fundi akauliza.

"Kwa pini, dada. Kama hizo zako."

"Na hakumwomba mume ruhusa?"

"Si nimekwambia alikuwa amelala."

"Sasa hati ya uvumbuzi ilikuwa na jina la nani?"

"La mume."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Fundi akatunga uzi. Watu wakasema hiyo ni historia nzuri sana, wakarudi kufunga milango.

Basi mtaa ukachangamka. Kama cherehani ikienda gari linaenda, kilichobaki ni kupanga safari kulingana na ushonaji, na kwa kupanga Mkurugenzi hana mpinzani. Kwenda sokoni ni pindo la sketi. Kwenda mjini na kurudi ni pazia zima lenye mikunjo. Aliyetaka lifti alileta kitambaa. Kinyozi alileta mashuka ya kufunika wateja, akapelekwa kumsalimia shangazi yake, akarudi akitembea kwa maringo ambayo hakuondoka nayo. Muuza mchicha hakuwa na kitambaa, akavua kanga ya begani, fundi akaipiga pindo, na mama akazungushwa mtaa, mkono dirishani, akimsalimia kila mtu kama hajawahi kumwona. Aliporudi aliwasifia wote kwamba wana mtaa mzuri, akauliza kodi ni kiasi gani.

Sasa mtu akimiliki Benzi hapati gari peke yake. Mlinzi wa benki alianza kumpigia Mkurugenzi saluti hata akipita kwa miguu. Watu wasiomjua walimwita bosi. Shingo yake ikaanza kukua, si kwa mfano, ikakua kweli, na mkewe akawa anamwongezea kola za mashati. Kila kola ilikuwa safari fupi, kwa hiyo Mkurugenzi alikuwa anaitumia hiyo hiyo kwenda kuonyesha shingo.

Tatizo lilikuwa uzi. Ukikatika, gari husimama popote lilipo, na mara nyingi lilipenda kusimama kwenye mzunguko mkubwa, pale magari yanapotoka pande zote. Askari wa barabarani alikuja mara ya kwanza na sura ya kazi. Baada ya hapo alizoea.

"Anatunga?" huuliza.

"Anatunga," hujibu Mkurugenzi, amepumzisha kiwiko.

"Tunasubiri jamani, fundi anatunga uzi!" Na magari yote huzima injini, maana lile la mbele ni Benzi.

Siku moja muuza mchicha alimwinamia fundi dirishani.

"Mwenzangu, kwa nini usiache kukanyaga? Siku moja tu akome."

"Nikiacha kukanyaga tutakula nini?" fundi akasema, asiinue kichwa. "Sogea kidogo, mama, unaniziba mwanga."

Na kila jioni alipokuwa anafunika cherehani alimuuliza mumewe habari ya kadi, na mumewe alimjibu kesho, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Yule bibi harusi wa pini alikuwa anapelekwa ukumbini kwa Benzi, limefungwa maua mpaka vioo vya pembeni. Fundi alikuwa kwenye foronya za seti nzima, kazi ndefu ya kutosha kufika ukumbini na kuzunguka mji mara moja kwa ajili ya picha. Mkanda wa cherehani ukakatika. Benzi likasimama katikati ya daraja, maua yote mbele, msafara wote nyuma, ukipiga honi.

Fundi alijua papo hapo. Akajifuta mafuta, akachukua mkoba wake wenye leseni, akaenda darajani kwa miguu. Watu walimpisha. Akafungua mlango wa dereva.

"Sogea," alimwambia mumewe.

"Ufunguo huu hapa, lakini haliwaki, mke wangu, nimejaribu..."

"Kaa nao."

Alipokaa tu, Benzi likawaka. Halikunguruma. Lilivuta pumzi, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Na ile nyota, iliyokuwa imezoea kutazama nyuma kila gari lilipotoka mtaani, ikageuka ikatazama mbele. Nasikia mkanda wa kiuno wa mpiga picha ulikatika kwa kukimbilia picha.

"Dada, nimechelewa," bibi harusi akasema kutoka nyuma. "Kanyaga."

Akakanyaga. Jamani! Walioshuhudia wanasema lilipita kwenye mashimo na mashimo yakajikunja pembeni. Daraja likabaki linatikisika kwa furaha, askari wa mzunguko akapiga saluti kwa mikono miwili, na msafara ulipofika ukumbini ulimkuta fundi amekwisha kuegesha, bibi harusi amekwisha kushuka, na shela haina hata mkunjo. Mkurugenzi alikuwa kiti cha nyuma, kakumbatia shada la maua, shingo imepungua kidogo.

Fundi hakuzima gari. "Sasa naenda kwa dada," alisema.

"Kwa kadi gani?" Mkurugenzi akauliza. "Ukisimamishwa huko mbele, mke wangu, utasema gari la nani?"

Injini ikaendelea kunguruma kidogo kidogo. Fundi akautazama usukani. Akasema, "Basi kesho."

Na kesho yake, ndugu zangu, Mkurugenzi aliamka mapema. Alijipigia pasi shati mwenyewe, akaenda ofisi ya usajili wa magari, akapanga foleni kama binadamu yeyote, akaliondoa jina lake kwenye kadi na kuliandikisha la mkewe. Alimletea kwa mikono miwili. Fundi akafunga mlango wa bluu, akafunga na wa Benzi, dup, akaenda zake. Na dada yake kule mji wa mbali, aliposikia honi, akatoka mlangoni akaona...

"Hakuona kitu."

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika nikiwasimulia wenzangu kwenye kibanda cha chai, benchi limejaa, hakuna aliyepepesa jicho. Nikageuka. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na chupa yake ya chai.

"Shemeji, mengine yote umesema sawasawa," alisema. "Nyota inageuka, ndiyo. Askari, ndiyo. Shingo ndiyo, mimi ndiye ninayeongeza kola. Ila hapo pa kadi umedanganya."

"Kwa hiyo hajabadilisha?" kinyozi akauliza.

"Kesho."

"Na ule mkanda uliokatika?" akauliza Spana.

"Huo aliununua siku ile ile. Kwenye mkanda hakusema kesho."

"Si ulichukue tu uende, dada? Linakutii."

"Linanitii. Kadi haisemi hivyo. Nikilichukua asiponipa ruhusa, kwa kadi ile mimi ni mwizi wa gari."

Barabarani Benzi lilikuwa limesimama, Mkurugenzi ndani, nyota imetuelekea sisi kibandani. Akapiga honi, taratibu, kwa heshima ya mtu mwenye shingo.

"Naja," fundi akamwitikia, kisha akaniambia, "Leo ana safari ndefu. Ameniletea hema."

Akaondoka, na chupa yake akaisahau mezani.

Benchi zima likanigeukia. Pale kibandani anayenaswa na uongo huwanywesha wote, na sheria hiyo nilipendekeza mimi, nilipokuwa namtilia shaka mtu mwingine. Nikajaribu kusema kwamba nilidanganya sehemu moja tu, tena ndogo kuliko zote. Spana akasema ndiyo hiyo hiyo inayolipiwa. Nikalipa. Wakanywa kwa kujivuta, wakaagiza vya pili, wakaendelea kubishana iwapo Benzi la injini ya dizeli lingependa pindo au darizi.

Chupa ya fundi niliijaza pia, nikaipeleka mwenyewe mpaka mlango wa bluu, na kikombe juu. Nikammiminia, nikakiweka kando ya cherehani. Hakukigusa. Hema lilikuwa limejaa chumba chote, miguu inakwenda, mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, na Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuipita mizani ya malori ya kutokea mjini.